Autolla au autossa, bussin au bussia: mikia ya Kifini kwenye mambo ya usafiri na jinsi ya kuchagua

Kama uko Ufini na umeshaanza kozi ya lugha najua unachokariri usiku. Auto, auton, autoa, autossa, autosta, autoon, autolla, autolta, autolle, afu bado kuna autona, autoksi, autotta na autoineen. Gari ni lile lile moja, lipo pale pale nje kwenye theluji, ila limepewa mikia zaidi ya kumi na mwalimu anasema yote ni ya lazima. Vitabuni inaitwa sijamuoto na kwa kawaida wanahesabu 15, mi naiita mikia tu maana inaning'inia mwisho wa neno, na mkia ukibadilika maana nayo inageuka.

Nipo huku Vantaa miaka kadhaa sasa, na kitu nilichokuja kukielewa baada ya kuhangaika sana na majedwali ni kwamba ukiwa kituoni, au gereji, au kwenye simu na mtu anayekuja kukuchukua, huchagui kati ya mikia 15. Hata siku moja. Unachagua kati ya miwili, mara chache mitatu, na ni ile ile inayogombana kila siku. Kwa hiyo naiweka hapa ikiwa imesimama pamoja, huu na mwenzake, na kila mara nakwambia mi nachaguaje, tena kwa Kiswahili, maana Kiswahili chetu kina vipimo vizuri sana vya jambo hili ambavyo kozini hakuna mtu wa kukuonyesha.

Bussilla na bussissa

Hii ndo rahisi kuliko zote. Menen bussilla, naenda kwa basi. Olen bussissa, nimo kwenye basi. Mkia wa -lla hapa ndo "kwa" yetu ya kwa basi, kwa treni, kwa gari, na -ssa ndo ile "mo" ya ndani. Ipitishe sentensi kwa Kiswahili kichwani, kama "kwa" inakaa vizuri chukua bussilla, junalla, metrolla, taksilla. Kama mtu kakupigia anauliza uko wapi na jibu ni chombo ulichokalia, chukua bussissa, junassa, metrossa, taksissa. Nasikia sana watu wakisema kwenye simu olen bussilla wakimaanisha wako ndani, na Mfini anaweza kuelewa kwamba umetoka kwa basi leo, au upo pale basi liliposimama, sio kwamba umekaa kiti cha dirishani unaongea naye.

Meli inavuruga mpango kidogo. Ukivuka kutoka Helsinki kwenda Tallinn unasema menen Tallinnaan laivalla, sawa, hiyo ni "kwa", lakini hata ukishakuwa juu yake mnakula ni söimme laivalla, mkia ule ule. Laivassa ipo, inatumika hasa ukiizungumzia meli yenyewe, mfano laivassa on kolme ravintolaa, melini mna migahawa mitatu. Kwa hiyo kwenye meli ukiwa na wasiwasi chagua laivalla, haikuangushi, ila kupanda ni kuingia, nousen laivaan.

Baiskeli nayo ina yake. Huwezi kuwa ndani ya baiskeli, kwa hiyo pyörässä haimhusu mtu, inahusu kitu kilichomo kwenye baiskeli yenyewe, pyörässä on vika, baiskeli ina kasoro. Mtu aliyeikalia yuko pyörän selässä, yaani mgongoni mwa baiskeli, kama farasi kabisa, na kuipanda ni hypätä pyörän selkään. Mi hii naipenda sana. Kusafiri nayo inabaki pyörällä. Na kwa miguu usitafute mkia wa -lla kabisa, ni menen jalan, likariri neno zima kama lilivyo.

Ndani na pale: kipimo cha mo na po

Kiswahili kikishaweka -ni kinaridhika. Niko garini, naingia garini, natoka garini, neno halibadiliki, kitenzi ndo kinajua unakwenda au unarudi. Kifini hakikiachii kitenzi kazi hiyo peke yake. Olen autossa, nousen autoon, tulen ulos autosta. Kuwemo, kuingia, kutoka, kila kimoja na mkia wake. Afu kuna ukoo wa pili wenye mambo yale yale matatu lakini bila ndani: olen pysäkillä, menen pysäkille, tulen pysäkiltä, nipo kituoni, naenda kituoni, natoka kituoni.

Kukumbuka ukoo upi ni upi mi nilijitungia S ya sanduku na L ya lami. Wenye S ni wa ndani, wenye L ni wa juu ya kitu, pembeni, mahali pa wazi. Yule wa kuingia, autoon, bussiin, junaan, hana S lakini ni wa ukoo wa sanduku. Kituo cha basi, barabara, uwanja, stesheni vyote ni lami: pysäkillä, kadulla, pihalla, asemalla.

Lakini kipimo bora kuliko herufi ni kile tulichozaliwa nacho. Sema kwa Kiswahili: yumo au yupo? Ukisema "yumo" mkia ni wa S. Ukisema "yupo" mkia ni wa L. Mama yupo kituoni, äiti on pysäkillä. Mama yumo kwenye basi, äiti on bussissa. Na wenzetu wa Congo, wa Bukavu na Lubumbashi, wanaosema mu motokari na ku motokari, wana urahisi zaidi kwenye hili kwa sababu wao kila siku wanaitenganisha "mu" na "ku" bila hata kufikiri, nimekaa nao darasani nimeona, mkia wa ndani unawatoka haraka kuliko sisi tuliozoea -ni moja kwa kila kitu.

Kwenye miji kipimo hiki hakikusaidii, nisikudanganye. Helsingissä, Espoossa, Turussa, Lahdessa ni sanduku, lakini Tampereella, Vantaalla, Rovaniemellä ni lami, na hakuna mantiki ya mo na po hapo, ni kukariri mji kwa mji. Kwa hiyo unapanda treni Helsingissä unashuka Tampereella, treni moja mikia miwili.

Autoon, autolle, autolla

Hawa watatu ndo nawaona wakiwatesa watu maegesho ya supamaketi. Mnatoka dukani na mifuko:

mennään autoon, tuingie ndani ya gari
mennään autolle, tuelekee pale gari lilipo
mennään autolla, twende kwa gari

Autolle na autolla zinatofautiana herufi moja ya mwisho, na sisi tukiongea haraka ile herufi ya mwisho tunaimeza, kumbe huku ndo imebeba ujumbe wote. Mtu anakuuliza mnaendaje unajibu autolle, umemwambia mnaelekea kwenye gari, hajajua mnasafirije.

Halafu autolla ina sura ya pili. Nähdään autolla ni tukutane kwenye gari, pale lilipo. Odotan autolla ni nakusubiri pale kwenye gari, naweza kuwa nje nimeegemea, naweza kuwa nimekaa ndani, neno halisemi. Odotan autossa ni nimekaa ndani nakusubiri. Januari, baridi ya digrii 20 chini ya sifuri na una mtoto mdogo, hiyo tofauti ina maana, sema autossa ili mwenzio ajue aje moja kwa moja mlangoni na asianze kukutafuta kwa macho. Ushauri wangu kwa hawa watatu: kabla ya kufungua mdomo jiulize miguu yangu inaishia wapi, ndani ya gari au kando yake. Ndani ni autoon. Kando ni autolle. Kama huzungumzii miguu bali unazungumzia usafiri, autolla.

Unohdin puhelimen bussiin

Hapa nataka nikae kidogo kwa sababu hakuna kitu kilichonifungua macho kama hiki. Umesahau simu kwenye basi. Kwa Kiswahili simu ipo humo, haiendi popote, kwa hiyo kila mmoja wetu anachagua bussissa. Mfini anasema unohdin puhelimen bussiin, nimesahau simu "kuingia basini". Puhelin jäi taksiin, simu imebaki "kuingia kwenye teksi". Jätin laukun junaan, nimeacha begi "kuingia kwenye treni". Nukahdin bussiin, nimepitiwa na usingizi "kuingia kwenye basi". Pysäköin auton kadulle, nimepaki gari "kwenda barabarani". Vitenzi vya kubaki, kuacha, kusahau, kulala ghafla na kupaki vyote Mfini anaviona kama safari fupi, kitu kimefika mahali na kimetulia hapo, kwa hiyo anakipa mkia wa kwenda.

Upande wa pili yapo mambo ambayo Mfini anayaona yanatoka. Etsin puhelinta bussista, natafuta simu "kutoka basini". Löysin puhelimen bussista, nimeipata "kutoka basini". Ostin auton Espoosta, nimenunua gari "kutoka Espoo", hilo hata kwetu linaeleweka. Kwa hiyo simu moja, basi moja, siku moja: unaisahau bussiin, unaitafuta bussista, na kwa muda wote huo yenyewe on bussissa. Ukienda ofisi ya vitu vilivyopotea, löytötavaratoimisto, hizo sentensi tatu ndo utakazozihitaji na kila moja inataka mkia wake.

Je ukisema unohdin puhelimen bussissa, utaeleweka? Ndio, watajua simu iko wapi. Lakini sentensi yenyewe inasikika kama nikiwa ndani ya basi nikasahau habari ya simu, yaani kusahau ndo kulifanyika humo. Chagua bussiin.

Na hii jozi nayo ibebe pamoja: ehdin junaan, nimewahi treni, mkia wa kuingia. Myöhästyin junasta, nimechelewa treni imeniacha, mkia wa kutoka. Ukiifikiria ina mantiki, aliyewahi ameingia, aliyechelewa amebaki mbali nayo.

Auton na autoa

Sasa tumefika kwenye jozi kubwa. Kama una nguvu za kujifunza jozi moja tu mwezi huu jifunze hii, maana zile za juu ukikosea mtu anaelewa, hii ukiikosea au ukiisikia vibaya inakugharimu safari nzima.

Gari langu liliwahi kukaa gereji wiki moja hivi kwa shida ya ekzosi. Fundi akanitumia meseji, korjasin autoa eilen. Mi nikasoma korjasin, nimetengeneza, jana, nikaona gari tayari, nikapanda mabasi mawili mpaka kule. Gari lilikuwa juu kwenye jeki ekzosi iko chini sakafuni. Fundi hakukosea neno hata moja. Korjasin autoa ni nilikuwa nalishughulikia gari jana. Gari likiwa limepona angeandika korjasin auton. Herufi ya mwisho, a au n.

Kwa Kiswahili tofauti hii tunaiweka kwenye kitenzi: nilikuwa natengeneza, nimeshatengeneza. Kifini kinaiacha korjasin vile vile na kuihamishia kwenye gari. Ukizoea wazo hilo, kwamba habari ya kazi kuisha imeandikwa kwenye kitu sio kwenye tendo, mambo mengi yanafunguka. Pesin autoa, nilikuwa naosha gari. Pesin auton, nimeosha gari likaisha. Vaihdan renkaita, niko hapa nabadilisha matairi, usinipigie. Vaihdan renkaat, nitabadilisha matairi yote, kazi nzima, na ukiisema kwa wakati huu uliopo mara nyingi inabeba maana ya baadaye kwa sababu Kifini hakina wakati ujao wa kwake. Pesen auton, nitaliosha gari.

Kuna watu wanafundishana kwamba -n ni kama ile -li- yetu ya nimeliosha gari, gari linalojulikana, na -a ni gari lolote. Tafadhali iache hiyo njia. Unaweza kusema ostan auton kuhusu gari ambalo hata hujaliona bado, nitanunua gari, gari lolote, na -n ipo pale pale kwa sababu utalinunua lote na ununuzi utaisha. Na korjaan autoa inaweza kuwa gari lako unalolijua kwa jina. Kipimo sio linajulikana au halijulikani, kipimo ni limekwisha au halijakwisha.

Mambo matatu yanashinda kipimo hicho. Kwanza kukataa: en osta autoa, sinunui gari, en nähnyt bussia, sikuliona basi, ukishakana tu mkia ni -a bila mjadala. Pili vipo vitenzi visivyofika mwisho kwa asili yake, odotan bussia, nasubiri basi, etsin autoa, natafuta gari, katson autoa, naliangalia gari, rakastan tätä autoa, nalipenda hili gari. Kusubiri hakumalizi basi. Tatu ni amri na lazima, hapo -n inadondoka kabisa gari linabaki uchi: siirrä auto! sogeza gari! minun pitää siirtää auto, inabidi nisogeze gari. Mwenye trekta la theluji akikugongea asubuhi utasikia siirrä auto, usishangae mkia umeenda wapi.

Na kuendesha kuna watatu wanaofanana. Ajan autoa, naendesha gari, yaani mikono iko kwenye usukani, ndo unachomwambia anayekupigia simu barabarani. Ajan autolla töihin, naenda kazini kwa gari. Ajan auton talliin, naliingiza gari bandani mpaka ndani, kazi imekamilika. Kwenye autokoulu, shule ya udereva, utaisikia ya kwanza. Kwenye mazungumzo na wafanyakazi wenzio utaitumia zaidi ya pili.

Matangazo ya magari na kuhesabu

Ukianza kutafuta gari la mkononi utakutana na myydään auto na ostetaan autoja. La kwanza ni gari linauzwa, moja, zima, halina mkia. La pili ni magari yananunuliwa, idadi haijulikani, yoyote yatakayokuja, mkia wa -ja wa wingi usio na hesabu. Vile vile pihalla on autoja, uwanjani kuna magari, na autot ovat pihalla, yale magari yako uwanjani, yale tunayoyajua. Hapa sasa ndo kujulikana kuna kazi, sio kule juu.

Kuhesabu kunashangaza mwanzoni. Yksi auto, lakini kaksi autoa, kolme bussia, neljä rengasta. Sisi tukifika mbili tunahama ngeli, gari linakuwa magari, Mfini anabaki umoja na kuweka -a. Sio autoja. Nikisikia mtu anasema kaksi autoja najua Kiswahili au Kiingereza bado kinamuongoza. Ila paljon autoja, magari mengi, hiyo ni sawa, kwa sababu hakuna namba.

Bei na asili ya gari zinatumia mkia wa kutoka, mmoja kwa kila ukoo. Ostin auton autoliikkeestä, nimenunua dukani, sanduku. Ostin auton naapurilta, nimenunua kwa jirani, na watu siku zote wanachukua L, huwezi kununua kutoka ndani ya jirani. Maksoin autosta 3000 euroa, nimelipia gari euro 3000. Pidän autosta, nalipenda gari, lakini rakastan autoa, nalipenda sana, kitenzi kimebadilika mkia umebadilika. Na gari likianza kusumbua ni autosta tena: autosta loppui bensa, gari limeishiwa petroli, autosta hajosi laturi, alteneta ya gari imekufa. Vitu vilivyomo salama ni autossa, autossa on uudet renkaat, gari lina matairi mapya. Kinachokufa kinatoka, kilicho kizima kimo.

Kwa kuwa tumetaja matairi, neno hili linabadilika tumbo na sio mkia tu, rengas, renkaan, renkaat, renkaita, na utalihitaji kila mwaka maana tangu 2020 sheria inataka talvirenkaat, matairi ya baridi, kati ya Novemba na Machi pale hali ya hewa au ya barabara inapodai. Jifunze renkaat na rengasta, hizo mbili zinatosha kuongea na fundi.

Bussin na bussiin

Kwenye maandishi ni herufi moja, kwa sikio ni pumzi. Otan bussin, nachukua basi. Nousen bussiin, napanda basi. Junan, junaa, junaan, zote tatu ni treni na zote tatu ni maneno tofauti. Sisi hatuna sababu ya kuogopa hapa, anayejua kufa sio kufaa na paa sio pa ana sikio la kazi hii tayari. Tatizo letu ni mkazo. Kiswahili kinaweka mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo tunasema auTOssa, puheLImen, wakati Kifini mkazo uko silabi ya kwanza kila neno, AUtossa, PUhelimen, hata neno liwe refu kama treni ya mizigo. Ukipeleka mkazo katikati Mfini anasikia urefu mahali ambapo haupo na mkia anaupoteza. Na zile herufi mbili, ll, ss, tt, zishikilie kidogo kabla ya kuachia, usiseme autola.

Kuna na hili la k mbili. Ratikka ndo tramu kwa lugha ya kila siku, na mkia ukija k moja inaondoka: ratikan, ratikassa, ratikasta, ratikalla. Lakini kwenye kuingia inabaki, ratikkaan, na kwenye -a inabaki, odotan ratikkaa. Lori nalo ni hivyo hivyo, rekka, rekassa, rekkaan. Auto imeachiwa, haibadiliki t yake popote, ndo maana walimu wanaanza nayo, na ndo maana watu wakifika kwenye ratikka wanakwama. Mi nisingeanza na auto. Ningeanza na bussi kwa sababu haibadiliki na utaipanda kesho asubuhi, afu ratikka mara moja baada yake ili ujue mapema kwamba maneno yanapumua katikati. Lentokone, ndege, iache mpaka siku ya safari, kwa maana kuingia kwake ni lentokoneeseen na kukawia kwake hakukuharibii wiki.

Ya kuacha kwa sasa

Autotta, bila gari, hutaisikia mtaani, watu wanasema ilman autoa. Autoineen, pamoja na gari au magari yake, ni ya magazetini. Ijue ukiisoma, usiitumie. Autona na autoksi zina kazi ndogo, gari lilikuwa taksina, likitumika kama teksi, nililinunua taksiksi, liwe teksi, ukielewa "kama" na "liwe" umemaliza.

Kwa anayejiandaa na YKI, ule mtihani wa taifa wa kupima lugha, kiwango cha 3, kile kinachotakiwa kwenye maombi ya uraia, mi ningepanga hivi: wiki ya kwanza bussilla na bussissa mpaka ziwe zinatoka zenyewe, ya pili bussiin na bussista na vile vitenzi vya kusahau na kutafuta, afu wiki tatu nzima za auton na autoa peke yake, kila siku sentensi tano za kitu ulichokimaliza na tano za kitu ulichokuwa unakifanya. Autolla na autolle ziweke mwisho, hizo zinakuja zenyewe ukiwa na watu wenye magari.

Na ukitoka kozini ukapanda basi kweli utasikia kitu kingine, usidhani umesahau ulichojifunza. Vijana wa Helsinki na watu wa Turku wanakata mkia: mä oon bussis, mä tuun bussil. Autoa inakuwa autoo, mä ajan autoo. Bussis ni bussissa iliyokatwa, bussil ni bussilla, S na L zimebaki pale pale, kwa hiyo sikiliza herufi hiyo tu, mtu akikwambia kwenye simu oon bussis jua yumo ndani anakuja, na akisema oon pysäkil jua bado anasubiri.